Kitambaa Chekundu cha Darasa la Kwanza

Jumatatu, 8 Machi 1954

Madaftari yote nimeshasahihisha, mkono unauma. Kesho hisi tano. Mwaka jana niliwachorea sikio ubaoni. Wakalinakili sikio. Hakuna aliyejifunza kusikia. Safari hii watagusa, watanusa, wataonja. Kikapu tayari: ukwaju, asali, chumvi, shubiri kidogo. Chetezo cha mama na ubani. Marashi. Njuga za kusikiliza. Kitambaa chekundu cha kufungia macho nimekichana vipande.

Jumanne, 9 Machi

Sijapata kufundisha vizuri hivi. Walipofungwa macho walinyamaza, watoto wale wasionyamaza hata kwa fimbo. Zuwena alitambua kila kitu kabla ya wenziwe. Ana miaka saba na anasoma kuliko wa darasa la tatu. Shubiri aliikunjia uso, akaimeza. Wengine waliitemea kwenye viatu vyangu.

Kesho zamu ya mkondo wa pili, na humo wamo dada zao na majirani zao. Nikawaonya wasimwambie mtu yaliyomo kikapuni. Hata nyumbani.

Jumatano, 10 Machi

Wasichana kumi na mmoja hawakuja. Nilidhani surua. Si surua.

Bi Kazija, mfagiaji wa skuli, ndiye aliyeniambia, tena amesimama mbali nami. Mtaa mzima wa Mlandege unasema nawapunga watoto pepo. Kitambaa chekundu, ubani, marashi, njuga, kisha wakalishwa kitu kichungu. Eti namtafutia shetani wangu mtoto wa kumpanda. Mwanamke wa miaka ishirini na sita hajaolewa, lazima pana jambo.

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Miaka yote ile ya kusomea ualimu, leo naitwa mganga.

Alhamisi, 11 Machi

Mwalimu mkuu ameniita. Hakuuliza lolote. Nirudi kwenye ubao, nichore sikio. Na wasiokuja mpaka Jumatatu anawafuta, wanaosubiri nafasi ni wengi. Zuwena ni mmoja wa hao wasiokuja. Bibi yake, Bi Mize, ndiye anayemlea, naye ameshatangaza: skuli basi, mtoto atakwenda chuoni akasome Kurani, akirudi ashone.

Zuwena ashone. Kichwa kile.

Wajinga. Naandika mara ya pili: wajinga. Magharibi hii nimepita Mlandege na ubani unatoka kila dirisha, kama kila Alhamisi. Kwao baraka. Kwangu shetani.

Jumamosi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Bi Mize na maneno yangu makali nimeyapanga njia nzima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamweleza kitu kimoja kimoja, cha kunusa, cha kusikia, cha kuonja. Sauti ilinipanda. Aliniacha nimalize.

Akasema, "Ubani hata mie nnao. Njuga ningecheka. Lakini mtoto kaja hapa mdomo unanuka shubiri. Nkamuuliza, umekula nini? Akasema mwalimu kakataza kusema. Leo siku ya tano, nnamuuliza analia, hasemi. Mie huyu nimemfunza kitu kimoja tu, mwanangu. Mtu mzima akikwambia usiseme nyumbani, njoo mbio useme. Na wewe umenivunjia kwa asubuhi moja."



Watoto wengine walisema vipande vipande, ndipo uvumi ulipozuka. Zuwena hakusema hata neno. Alinitii. Siku tano mtoto yule amelia kwa kunitii mimi, na mimi siku hizo hizo nawatukana watu wa Mlandege kwenye daftari hili.

Nilimwomba radhi Bi Mize. Akamwita Zuwena, nikamwambia aseme kila kitu mbele ya bibi yake. Alisema. Kabla ya kila neno alinitazama kwanza, kuona kama anaruhusiwa. Hilo ndilo lililonichoma.

Hasira ninayo bado, kubwa kuliko ya juzi. Ila sasa hakuna wa kumpelekea. Mjinga ni mimi.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wamerudi tisa. Wawili wamefutwa, na mwalimu mkuu hakutaka kunisikiliza.

Zuwena kaletwa na Bi Mize, ambaye aliomba kiti akakaa mlangoni mpaka kengele ya mapumziko. Hakuna aliyemzuia.

Sikuleta kikapu. Sikuchora sikio pia. Niliwaambia wafumbe macho wenyewe, anayetaka, wasikilize mvua juu ya bati, kisha kila mmoja aniambie alichosikia, na akifika nyumbani awaambie na wa nyumbani.

Wote walifumba. Zuwena hakufumba. Alikaa wima, mikono juu ya deski, akiiangalia mikono yangu.

Niliweka mikono yangu mezani, mahali anapoiona, tukasikiliza mvua.