Paundi Ishirini na Sita

Jumapili, 10 Machi

Nimeshinda. Naliandika tena nilione: nimeshinda. Seti tatu, ya mwisho 21–17, ugenini, kwenye ukumbi wa badminton wenye watu labda arobaini, na nusu yao ni wachezaji waliokwisha kutolewa wakisubiri basi la uwanja wa ndege. Hata mwamuzi alikuwa anapiga miayo. Sijali. Kinyoya cha mwisho mpinzani wangu alikipiga kikatoka nje kwa upana wa kidole, nami nikabaki nimesimama raketi juu kama mtu anayeanika nguo.

Bingwa. Pointi 2,500. Na bahasha ya zawadi, ambayo nimeifungulia chooni. Haifiki nusu ya tiketi iliyonileta hapa. Mwaka jana Shoto alitolewa robo fainali kwenye mashindano makubwa akalipwa zaidi ya ubingwa wangu huu. Basi. Bahasha sikuifuata mimi.

Nimefuata nafasi. Kwa viwango tulivyo, nchi yetu itapeleka mwanamke mmoja tu Olimpiki, yule atakayekuwa juu ya mwenzake kwenye orodha ya dunia dirisha la kufuzu likifungwa mwisho wa Aprili. Tuko wawili. Leo asubuhi Shoto alikuwa na 27,950, mimi 26,900. Zinahesabiwa pointi za mashindano yako kumi bora ndani ya mwaka. Kwa hiyo: naingiza 2,500, natoa ya chini kabisa kwenye kumi zangu, 1,370. Jumla 28,030.

Nimempita kwa themanini!

Shoto — jina kalipata kwa mkono wake wa kushoto — tumelala naye chumba kimoja safari zisizopungua ishirini. Anakoroma. Ananiita Profesa kwa sababu ya digrii yangu ya takwimu. Safari hii hakuja, anauguza goti. Ametuma ujumbe: hongera Profesa, lala salama. Nimeusoma mara sita nikitafuta kijiba cha roho. Sikukiona. Pengine kijiba ni changu mimi ninayekitafuta.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumbani. Kaka yangu kinyozi hakungoja orodha itoke. Ameandika juu ya kioo kikubwa cha saluni yake, herufi za kiganja kizima: MDOGO WANGU OLIMPIKI. Kila anayekuja kunyolewa anasomea sifa zangu juu ya kichwa chake mwenyewe. Mzee mmoja, nusu kichwa kikiwa kimenyolewa, alitaka kujua kama huo mchezo wa vinyoya nao una jasho. Kaka akamwambia amtazame miguu huyu binti kisha aulize tena. Nilitoka mbio.

Mama hakupiga kelele. Mama ni fundi cherehani. Amenitazama juu ya miwani, akakata uzi kwa meno, akauliza kama Shoto ameshajua. Nikasema ameshajua. Akasema vizuri, akaendelea na pindo.

Lazima niliseme hapa kwa sababu kwingine siwezi: limeniuma. Mama ndiye anayefunga nyuzi za raketi zangu, kwa ile mashine aliyoachiwa na klabu, iliyo nyuma ya cherehani. Na ndiye anayefunga za Shoto. Zangu anazitia uzi mwekundu kwenye mpini, za Shoto wa buluu. Anakaza, anagonga kwa ukucha, anainamisha sikio. Haandiki popote. Anajua Shoto anataka nyuzi zikazwe paundi ishirini na sita na mimi ishirini na nne, kama anavyojua kiuno cha kila mteja wake. Miaka saba sasa. Leo nilitaka amsahau Shoto kwa dakika moja tu.

Jumanne, 12 Machi

Orodha imetoka.

Shoto 27,950. Mimi 27,270.

Nilidhani wamekosea. Nikafungua daftari, nikarudia. Hawajakosea. Mashindano haya haya niliyacheza mwaka jana, nikafika fainali, nikapata 2,130, na pointi huishi mwaka mmoja tu kisha zinakufa. Zimekufa wiki hii hii. Sikutoa 1,370. Nilipaswa kutoa 2,130. Sikupanda pointi elfu moja na mia moja na thelathini. Nimepanda mia tatu na sabini.

Kila mchezaji wa umri wa miaka kumi na sita anajua kutazama tarehe kabla ya kutoa. Mimi nina digrii.

Nimempigia kaka afute kioo. Akakiri kwamba aliandika kwa ile rangi ya kuandikia mabango, na haifutiki.

Alhamisi, 14 Machi

Mazoezi. Kocha alifundisha jiografia shuleni miaka thelathini kabla ya kustaafu, na bado anatuonyesha uwanja kana kwamba ni ramani: huku kusini-magharibi mwako ni jangwa, hurudi kamwe, mpinzani akigundua umekwisha. Yaani kona ya nyuma kushoto. Akanirushia vinyoya mia mbili jangwani. Nilivirudisha mia moja na arobaini.

Tulipokuwa tunafungua viatu nilimwambia Shoto habari ya hesabu yangu, nikijifanya nacheka. Hakucheka.

“Nilijua tangu Jumapili.”

“Ukaninyamazia?”

“Nikaona acha ulale siku mbili na furaha yako, Profesa. Uliipata kwa jasho.”

Siku nzima nimelizungusha jibu hilo. Upande huu ni wema. Upande wa pili, siku mbili kaka amenivua nguo mbele ya mtaa mzima na yeye anajua. Sijaamua. Nadhani ni vyote viwili, na nadhani hata yeye hajui ni kipi zaidi.

Jumamosi, 30 Machi

Bado mashindano mamoja kabla dirisha halijafungwa, na yanafanyika hapa hapa kwetu, ukumbi tunaofanyia mazoezi. Makubwa kuliko yale ya Machi: bingwa 4,000, mshindi wa pili 3,400, nusu fainali 2,800. Bahasha imeisha yote — ada ya kujiandikisha, viatu, na bunda zima la nyuzi. Mama amelipima bunda kwa macho akasema linatosha raketi kumi na tisa. Hakusema za nani.

Safari hii hesabu nimeifanya kwa tarehe, mara tatu, nikampelekea Kocha aikague na kalamu nyekundu. Hakuna pointi zinazokufa, zangu wala za Shoto. Akiishia nusu fainali nami nikaingia fainali, naenda mimi, 29,300 kwa 29,000. Tukikutana fainali, mshindi ndiye anayekwenda. Kocha akaandika pembeni: *Sahihi. Sasa funga daftari.*

Usiku nimejikuta namwombea Shoto mafua. Si ugonjwa mkubwa, mafua tu, ya siku tano. Kisha nikaona haya, nikaomba yaondoke. Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa mtu safi.

Jumatano, 17 Aprili

Raundi ya kwanza: 21–9, 21–11. Dakika ishirini na sita. Sikumbuki hata sura yake.

Shoto naye kapita. Tuko pande mbili tofauti za ratiba. Hatuwezi kukutana ila fainali.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimepita. Amepita. Kaka amefunga saluni mapema akaja na wateja wanne, mmoja bado ana sabuni nyuma ya sikio.

Ijumaa, 19 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimemtoa yule aliyeorodheshwa wa tatu kwa ubora! Seti ya kwanza alinila 21–13. Alikuwa mrefu, anapiga toka juu kama anayepigilia misumari, na kila mara anapiga kule kule, jangwani kwangu. Kwenye seti ya pili, tukiwa 8–8, alikipeleka tena huko na mimi nilikuwa nimeshafika. Simjui aliyenifikisha. Mwili ulikwenda, mimi nikafuata. Nikakirudisha kwa mgongo wa mkono, kikapita juu ya wavu kikaanguka kama kimechoka. Alinitazama. Nikaona kitu kikizimika machoni pake.

21–16, 21–12.

Kocha ameketi kwenye benchi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema jangwa limepandwa miti.

Shoto kashinda seti mbili tupu, lakini raketi yake moja imevunjika fremu. Zimebaki mbili.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika nikiwa chumba cha vifaa, nyuma ya ukumbi, nimeketi juu ya kreti. Nianze mwanzo.

Nusu fainali yangu ilikuwa ya kwanza asubuhi. Nimeshinda. 21–18, 19–21, 21–15. Saa nzima na dakika nane. Nikiwa 20–15 nilisikia sauti ya kaka peke yake, ukumbi mzima umenyamaza, akimwambia jirani yake kwa kunong'ona kwa watu mia tatu kwamba kioo hakikudanganya, kiliwahi tu. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikaanzisha huku nacheka, na yule dada akakipiga wavuni.

Nipo fainali. Nilipiga magoti, nikaibusu sakafu, ina ladha ya raba. Mama alikuwa juu kwenye ngazi, amesimama, mikono kichwani. Sijawahi kumwona Mama na mikono isiyo na kazi.

Ikabaki kungoja nusu fainali ya Shoto, baada ya mechi moja ya wanaume. Akishindwa, nimekwenda Olimpiki nikiwa nimekaa. Nilikuwa nakunywa maji humu chumbani na Mama, nikiliwaza hilo polepole, kama pipi, Shoto alipotokea mlangoni na raketi zote mbili mkononi. Nyuzi za moja zilikatika jana jioni. Za ya pili zimekatika sasa hivi akipasha mwili. Fundi wa nyuzi wa mashindano ana foleni ya raketi kumi na moja. Hakunitazama. Alimuuliza Mama kama inawezekana.

Mama alishaifunga mezani ile mashine, aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Akaanza. Nyuzi za wima zikaisha vizuri, na alipoanza za mlalo, shazia, ile sindano nene anayotumia kupanua matundu, ikamteleza ikamwingia kidole gumba, ndani sana. Damu juu ya uzi wa buluu wa mpini. Akakikunja kidole ndani ya leso, akajaribu kukaza, hakiwezi. Dakika thelathini zimebaki.

Akageuka kwangu. Hakuniamuru. Alisogea tu kidogo, nafasi ya mtu mmoja.

Nimemtazama akifunga tangu nina miaka kumi na saba. Nimewahi kufunga zangu tatu au nne. Nikakaa. Shoto alikuwa amerudi kupasha mwili na pale palikuwa na mimi na Mama tu, naye amefumba macho kwa maumivu. Na ile mashine ina kinobu cha paundi, unakizungusha kwa vidole viwili. Nataka niandike kila kitu. Nilikizungusha. Nilikirudisha mpaka ishirini na mbili. Kwa paundi nne pungufu kinyoya chake kingekuwa kinapaa, kila pigo lingetoka nje kwa upana wa kidole, naye angedhani ni mkono wake. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa na ishirini na mbili kwa muda wa pumzi tatu hivi.

Kisha nikawaza: mwaka mzima nitaitwa mshindi na jina hilo litakuwa na tarehe yake ya kufa, na ni mimi peke yangu nitakayeijua.

Ishirini na sita. Nyuzi za mlalo zote, juu, chini, juu, chini, mpaka vidole vikachanika. Fundo. Mama akafumbua macho, akaigonga kwa ukucha wa mkono mzima, akainama. Akagonga tena. Akaniwekea kiganja kisogoni, akaondoa.

Shoto akarudi. Akaipokea, akaigonga kwenye kiganja. Akaiona leso ya Mama. Akanitazama kwa mara ya kwanza leo.

“Umeweka ngapi, Profesa?”

“Ishirini na sita.”

Angeweza kumuuliza Mama. Angeweza kujaribu vinyoya viwili vitatu ukutani. Aliiweka begani akatoka.

Sasa anacheza. Sikwenda kutazama. Kupitia ukuta sioni kitu, ila nasikia. Raketi ya mpinzani wake ina mlio mzito, kama mlango. Ya Shoto inalia juu, safi, na kila inapolia nasema moyoni: hiyo ni mimi. Kaka ameingia mara mbili na matokeo. Seti ya kwanza Shoto, 21–19. Ya pili amepoteza, 17–21. Ya tatu, aliposema mara ya mwisho, ilikuwa 14–14.

Mama ameniambia niweke maji vidoleni na nikapumzike.

Badala yake nimeichukua raketi yangu iliyo nzuri kuliko zote, yenye uzi mwekundu. Nyuzi zake zimechoka na mechi ya asubuhi. Nimezikata zote. Nimeifunga kwenye mashine, nimezungusha kinobu, ishirini na nne, kwa ajili ya kesho. Nyuzi tatu za wima tayari. Ukumbi umelipuka sasa hivi — sijui kwa nani — na kaka anakuja mbio, nasikia viatu vyake kwenye korido. Uzi wa nne —