Huyo Anayevuma kwa Chini

Mlandege, Iringa
12 Julai 1976

Dada Mbuke,

Sweta nimelipata, nalala nalo. Mchele wa Rujewa nao umefika.

Unasema wimbo wa bendi yetu ukipigwa redioni, mama anawanyamazisha wageni: "Sikilizeni, huyo anayevuma kwa chini ni Shija wangu." Dada, redio yenu ni ndogo, haitoi besi. Hapo hakuna anachosikia.

Tena siku ya kurekodi, gitaa la besi alipiga Crispin. Mimi waliniondoa tangu Pasaka, vidole vya kushoto vilipokufa ganzi. Sasa napakia magunia ya mahindi kwenye malori. Chakula napata.

Mama usimwambie. Betri zikiisha, mnunulie nyingine.

Mdogo wako,
Shija