Taa ya Nyoka Nimeizima Mimi

Mwanangu,

Maneno ya fundi cherehani yamenikaa kichwani tangu juzi: eti nyoka akishapata joto hujinyoosha kando ya mtu aliyelala, ampime kama atamtosha kummeza. Na mdogo wako analala chumba hichohicho! Basi jana jioni nikaizima taa ya kumpasha joto nyoka wako.

Asubuhi hii nimemkuta wa baridi kama bomba, hatoi hata ulimi. Nimeiwasha, nikakaa naye mpaka kipimajoto kikapanda kutoka kumi na tisa hadi ishirini na sita. Kifike thelathini upande wa taa. Ulimi sasa anatoa.

~~Panya yuko kwenye friza, mtoe saa nane umpe.~~ Hapana, nimekata. Wewe mwenyewe ulisema akila ana baridi chakula kinamwozea tumboni. Asile mpaka kesho kutwa.

Kasirika, haki yako, ila ningoje nitoke kazini tugombane ana kwa ana.

Mama

USIFANYE HAYA
Usimpe chakula leo wala kesho.
Usimwanike juani.
Usimshikeshike.
Usiache kifuniko cha sanduku lake wazi, mdogo wako yupo.
Usiizime taa, hata nikikuomba mimi.