Usinichague Mimi, Emérence

Bukavu, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Emérence,

Kabla ya neno lolote nikuulize: unalala juu ya mito mingapi sasa ili upate pumzi? Mwezi wa saba uliniambia miwili. Kama imefika mitatu, umwambie shemeji Murhula asingoje tarehe ya safari, akuvushe ziwa mara moja. Baada ya hilo ndipo nakusalimu wewe, yeye, watoto wote na mama mkwe wako, nikitumaini kwamba mihogo imekubali na kwamba ziwa halijawanyima samaki wadogo wa sambaza. Sisi huku tuko. Mvua zimeanza, njia yetu ya Kadutu imekuwa utelezi, na watu wanapanda wakishikana mikono hata kama hawafahamiani. Mke wangu Eulalie anakusalimu sana. Anasema chumba chako kiko tayari na amefunga pazia jipya.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Camille wa boti. Uliuliza kama nitakubali kuwa msindikizaji wako, na ukaomba jibu kabla hujavuka. Nitakujibu, lakini jibu haliwezi kuja peke yake. Vumilia nikueleze kwanza jinsi mambo yetu yanavyokwenda hapa, maana utaingia humo mwezi ujao.

Sisi tuliopasuliwa moyo katika mji huu tuko kumi na wanne. Tunakutana kila Jumamosi nyuma ya kituo cha afya, kwenye mabenchi ya wajawazito, kwa kuwa Jumamosi wajawazito hawaji. Wanatuita watu wa mlango, kwa sababu tulichobadilishiwa ni mlango mdogo ndani ya moyo, ule unaoruhusu damu kupita na kuikataza kurudi. Infirmière Fabiola, muuguzi wa kituo, anatutoa tone la damu kidoleni, anasoma namba kwa sauti, kila mmoja anaiandika katika kijitabu chake. Damu yetu, kwa kidonge cha kila siku, lazima iwe nyepesi kiasi, isije ikaganda juu ya mlango, lakini isiwe maji. Tunaishi kati ya namba mbili na nusu na tatu na nusu, kama watu wanaojenga kwenye ukingo: namba ikipanda damu ni maji, ikishuka inaganda.

Desturi yetu ni hii: anayekwenda kupasuliwa anachagua mmoja aliyekwisha kurudi. Huyo anamwandaa, anavuka naye mpaka wa nchi hadi hospitali, anakaa naye mpaka atolewe mirija, na baada ya kurudi nyumbani anamwangalia miezi mitatu: dawa, chakula, kidonda, mwendo. Neno la msindikizaji linafuatwa. Daktari yuko mbali, infirmière ana watu wengi, lakini msindikizaji anabisha mlangoni kila asubuhi.

Mimi, miaka mitatu iliyopita, nilisindikizwa na Maman Ghislaine, muuza sambaza wa sokoni. Siyo mimi niliyemchagua, kundi ndilo lililonipa. Nilitaka mtu aliyesoma, mwalimu kama mimi, na wakati ule hakuwapo. Siku ya kwanza alinikagua kinywa kama mtu anayenunua mbuzi, akasema meno matatu yang'olewe kabla ya safari, kwa kuwa uchafu wa jino bovu hushuka ukaharibu mlango mpya. Nilimwambia kwamba meno hayo nilitoka nayo Mwenga, na kwamba mali nyingine zote zilibaki huko. Akacheka mpaka akakaa chini. “Maître,” akasema, “banakupatia mulango mupya, na weye unataka kubakia na madirisha ya zamani?” Yaling'olewa siku ile ile.

Alinifundisha kukohoa nikiwa nimekumbatia mto kifuani. Aliniambia kwamba nitakapoamka nitadhani ninazama, na kwamba sizami, ni mashine inayopumua kwa niaba yangu, nisipigane nayo. Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi. Walinitaka nihesabu hadi kumi kwa Kifaransa, nikafika sita. Nilipofungua macho nilidhani ninazama. Nikakumbuka, nikaiacha mashine ifanye kazi yake. Hilo moja tu linatosha kumfanya mtu awe na deni kwa mwenzake maisha yote.

Juma la pili baada ya kurudi nilianza kulia bila sababu. Niliona aibu mbele ya Eulalie, nikawa nalia chooni. Ghislaine aliligundua. Akaniambia kwamba wote waliotangulia walilia, na kwamba yeye alilia juu ya beseni la sambaza hadi wateja wakamuuliza nani amekufa. Nawe utalia. Usitafute sababu, itapita. Utasikia pia mlango ukigonga, tik tik, hasa ukifunga mdomo. Wajukuu wangu wanasema babu amemeza saa.

Juu ya chakula Ghislaine alikuwa na sheria moja. Alisema kula kama unavyokula kwenu, lakini usicheze na majani. Kama unakula sombe, majani yale ya mihogo, kula kila siku kiasi kile kile, kijiko kilekile. Dawa itapimwa kufuatana na sombe yako. Usiongeze, usipunguze, usiache. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hajui kwa nini, anajua tu nani walikufa.

Unanijua, Emérence. Mtu ambaye hajui kwa nini hajawahi kuniridhisha. Nilitafuta vitabu. Nikasoma kwamba majani ya kijani yana kitu kinachogandisha damu, na kwamba sombe inacho kwa wingi. Nikajiona nimepata ufunguo ambao mwanamke wa sokoni hakuupata.

Mwaka huu mwezi wa tatu alitujia Luc, mchimba dhahabu kutoka pande za kwetu, miaka thelathini na minne, kifua kipana na midomo ya bluu. Alipokwenda kupasuliwa alinichagua mimi. Alisema anataka muzee wa kwao, na tena maître. Nilifurahi kuliko ilivyofaa. Nilivuka naye. Nilimshika mkono alipotolewa mrija wa kifuani, naye akanitukana kwa Kirega matusi ambayo sikuyasikia tangu tutoke kwetu, kisha akaomba radhi, nikamwambia aendelee. Alirudi vizuri. Mwishoni mwa Juni alikuwa akipanda ngazi zetu bila kusimama, na namba yake ilikuwa mbili na pointi nane majuma matano mfululizo.

Umesikia, kwa wachuuzi wanaovuka, kwamba Luc karibu afe. Ni kweli. Mwishoni mwa Julai pua yake ilianza kutoka damu asubuhi, na saa tisa alasiri ilikuwa haijakoma. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai kali. Tulimpeleka hospitali ya hapa mjini kwa pikipiki, amekaa kati ya dereva na mkewe Tatiana. Namba yake ilikuwa saba na pointi mbili. Alilala siku sita.

Siku ya tatu tulisimama kumzunguka: Fabiola, Ghislaine, Tatiana na mimi. Fabiola alimwuliza amebadilisha nini. Dawa? Hapana. Pombe? Hapana. Dawa za kienyeji? Hapana. Chakula? Luc alinitazama kidogo sana, muda wa kupepesa jicho, akasema hapana, anakula kama siku zote. Tatiana alifungua mdomo, mumewe akamkatiza kwa kumwita jina. Fabiola akaandika kwamba mwili wake umeigeukia dawa, na akapunguza kidonge kuwa nusu.

Sasa nakuambia ambalo sijaliandika popote. Luc alikuwa ameacha sombe majuma matatu, bila hata jani moja, na aliyemwachisha ni mimi. Nilimwambia kwamba sheria ya Ghislaine ni ya watu wasiosoma, kwamba mtu mwenye akili huondoa chanzo. Tatiana alibisha, akiwa ameshika mchi: “Maître, bitabu byako bilikula sombe yangu siku gani?” Nikacheka, nikamweleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la tatu. Dawa ya Luc ilikuwa imepimwa juu ya sombe ya kila siku. Nilipoondoa sombe, dawa ilibaki peke yake ndani ya damu, ikaifanya maji. Yote haya yalikuwa katika kitabu kile kile, kurasa mbili mbele. Sikuzifikia. Nilizisoma Luc akiwa kitandani.

Kwa hiyo pale hospitali nilijua. Fabiola alipouliza juu ya chakula nilijua, na nilipoona kidonge kinakatwa nusu nilijua. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba anapona, kwamba kusema kutavunja imani ya wengine katika kundi. Mtu aliyesoma hakosi sababu.

Lakini Luc aliporudi nyumbani, Tatiana alirudisha sombe. Alipika nyingi, kwa sababu mumewe amekonda. Nilipita njia yao siku moja nikasikia mchi kwenye kinu, nikaelewa hesabu iliyokuwa mbele yangu: nusu ya dawa, na majani mara mbili. Safari hii damu ingeganda, na ingeganda juu ya mlango. Nilijua hivyo siku ya Jumatatu. Nilikwenda kwa Fabiola Ijumaa. Siku nne, Emérence. Ningeweza kukuandikia siku mbili, nawe usingejua kamwe.

Fabiola hakunigombeza. Aliniuliza tu ni siku ngapi, nikamwambia, akavaa viatu. Namba ya Luc ilikuwa moja na pointi tatu. Walimchoma sindano tumboni asubuhi na jioni kwa siku nane, wakarudisha kidonge kizima. Mlango wake unagonga vizuri hadi leo. Jumamosi iliyofuata nilisema yote mbele ya mabenchi, nimesimama. Ghislaine aliangalia chini. Alipoulizwa kama ana neno, akasema hana, mimi nimeshasema.

Kisha nilikwenda kwa Luc peke yangu kumwomba radhi. Alikuwa akimenya maharagwe na bintiye. Alinipa kiti, akaniambia kwamba hapakuwa na jipya katika niliyomwambia. “Nilijua, Maître. Tangu damu ya kwanza nilijua ni juu ya sombe. Lakini mutu atamusema muzee wake mbele ya batu namna gani?” Nikamwambia kwamba angekufa. Akasema ndiyo, alilifikiria hilo pia, usiku wa kwanza. Akaendelea kumenya. Baadaye akauliza kama ni kweli kwamba dada yangu wa kisiwani Idjwi anakuja na kwamba amenichagua. Nikasema ni kweli. Akaniuliza huyo dada ananiitaje. Nikamwambia ananiita yaya, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Luc akatikisa kichwa. “Mimi niko mutu wa inje tu, na nilinyamaza. Sasa yeye?”

Nimekaa na swali hilo majuma matatu. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini kwenye simu ungesema ndiyo yaya, haidhuru yaya, nami ningekubali kusamehewa upesi.

Nimekumbuka kivuko cha Ulindi, mwaka ule tulipokimbia kwetu. Nilikuambia ukae chini kwenye jiwe lile, usiondoke mpaka nirudi, nikaenda kutafuta habari za mama. Nilidhani ningechukua saa mbili tu. Nilirudi baada ya siku mbili. Watu wote walikuwa wamepita, wengi wakikuambia uende nao, na risasi zilisikika upande wa pili. Ulikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye macho na akili zako. Nilikukuta juu ya jiwe lile lile, una homa. Ulisema: yaya alisema ningoje. Miaka yote nimekuwa nikiisimulia hadithi hiyo kwa wanangu kama mfano wa mdogo mwenye heshima. Sitaisimulia tena hivyo. Ilikuwa hadithi ya mkubwa aliyekosea saa, na ya mtu aliyeweza kufa kwa kutomsahihisha.

Basi jibu langu ni hapana. Sitakuwa msindikizaji wako. Kundi halijanikataza, nimejikataza mwenyewe. Nimezungumza na Maman Ghislaine, amekubali. Atakukagua meno, jiandae. Atakuambia mambo bila kujua kwa nini, uyafuate, na ukiona anakosea umwambie pale pale, kwa sauti. Yeye hubishana vizuri na hachukii. Utakaa kwetu, Eulalie atakupikia, nami nitakuja kukaa karibu na kitanda chako kama ndugu wengine wanavyokaa. Lakini juu ya dawa na chakula nikikuambia neno, lolote, hata liwe jema, unijibu: hapana, nitamwuliza Ghislaine. Najua hujawahi kunitamkia neno hapana. Anza kulizoea sasa, kwa sauti, shemeji akisikiliza. Likikushinda nikiwa mbele yako, nitatoka chumbani.

Msalimie Murhula, na umwombe achague boti ya asubuhi wakati ziwa limetulia. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na mama mkwe umpe pole ya mguu. Ghislaine atakuwa bandarini amevaa kitenge cha kijani, amebeba mto wa kukoholea. Mimi nitakuwa nyuma yake.

Ni mimi kaka yako,

Jacques Mulonda