Yai la Mama Mkwe

Mwenzangu, nimejifungia chooni. Mama mkwe yuko nje ya mlango anaimba.

Anaimba kweli, sikutanii.

Unajua siri ya operesheni yangu ya kukatwa tumbo la chakula ili nikonde tunayo watatu tu, wewe, mimi na mume wangu. Mama mkwe tulimwambia ni uvimbe. Leo kanichemshia yai, kaketi mbele yangu, mkono shavuni. "Kula mwanangu, umekwisha." Daktari alisema nitafune mpaka liwe maji. Nikaona haya kutafuna kama mbuzi mbele ya mkwe, nikameza.

Likakwama hapa kifuani. Nikalitapika lote kwenye beseni la vyombo, anaona.

Akatabasamu. "Tangu lini?"

Tangu lini nini? Kabla sijafungua mdomo, alishawapigia simu mawifi wote.

Nimemwandikia mume wangu. Amejibu, "Muache kwanza afurahi."

Eti muache afurahi.

Sasa anagonga. Amechemsha mayai mengine, na mkate juu. "Toka ule mwanangu, sasa mko wawili."

Wawili. Na tumbo nililobakiziwa halimtoshi hata mmoja.