Barua Zilizokataliwa Getini

Jumatatu, 1 Juni 2009
Mimi nina nyota, nisifiche. Wenzangu wa mtaa huu wa Sakina, tunaopandisha wageni mlimani, wanakimbizana na watalii mpaka soli zinaisha. Mimi wageni wamenitafuta wenyewe, kwenye tovuti yangu. Mama mmoja wa Norwe na wanakwaya wenzake. Wanapanda Mlima Meru mwezi huu. Wapagazi nimeshawapanga, mbuzi nimenunua, Land Rover imepata breki. Bado mama kuandika tarehe tu.

Barua pepe za leo: dawa ya nguvu za kiume. Mjane mwenye dhahabu. Bahati nasibu ya nchi nisiyoijua hata kwenye ramani. Upuuzi.

Jumanne, 2 Juni
Nimeingia kwenye paneli ya tovuti, pale pa kuendeshea barua pepe zake. Kiingereza kigumu, lakini mtu niliyefika Nairobi nishindwe na visanduku viwili? Kimoja cha kuruhusu, kingine cha kufungia. Takataka zote anwani zinaishia sawa, baada ya ile alama ya @. Nikafungia huo mwisho wote, tuheshimiane. Kimya. Nimejipongeza kwa supu.

Ijumaa, 5 Juni
Mama wa Norwe hajaandika. Wapagazi wanauliza. Nasema kesho.

Jumanne, 9 Juni
Bado. Wageni gani hawa? Nimemfokea fundi wa Land Rover bila kosa. Baadaye nikamnunulia chai. Nimechoka.

Jumatano, 10 Juni
Elia, kaka wa mke wangu, kapiga simu kutoka Moshi. "Shemeji, umeninunia? Kila nikikuandikia, barua inarudi!"

Mbio kwenye paneli. Ule mwisho wa anwani ni wa barua pepe ya bure, nusu ya dunia wanaitumia. Elia anautumia. Mama wa Norwe pia. Yaani kumzuia mwizi mmoja nimefunga barabara yote ya Moshi. Mjinga mimi. Nimeufuta kwenye kisanduku cha kufungia, nikamwandikia mama.

Alhamisi, 11 Juni
Kajibu. Barua zake zilirudi, akadhani nimefunga kampuni. Wamechukua kampuni nyingine, wanapanda Jumamosi. Anasema pole. Nimepiga tairi teke. Kidole kimevimba.

Jumapili, 14 Juni
Mlima uko wazi, hauna hata wingu. Wako huko juu.
Nimewaita wapagazi, tumemla yule mbuzi. Hawakunisema. Afadhali wangenisema.
Elia nimemweka kwenye kisanduku cha kuruhusu. Wa kwanza.
Nyota sina, Elia kanieleza leo. Wale wageni hawakuniona kwenye tovuti. Safari yao iliyopita walisali kanisani kwa Elia, yeye ndiye aliyewapa anwani yangu.