Ndege ya Kuwahi Maziko

Dada Zuhura, salamu nyingi kutoka Malindi.

Mpaka sasa nausikia mlio wa magurudumu ya ile ndege ndogo yakiteleza juu ya lami iliyoloa. Juzi mvua ilikuwa kubwa, na rubani alikwisha sema, "Nitapaa tena, nizunguke." Ami Salim, aliyeketi nyuma yake, akamshika bega. "Kapteni mwanangu, dada yangu anazikwa alasiri hii. Ukizunguka nitakuta kaburi limefukiwa."

Rubani akaiteremsha ndege. Tuligusa lami katikati ya uwanja. Uwanja ukatuishia, tukasimama vichakani, pua ya ndege ndani ya matope. Hakuna aliyeumia. Ami alivua viatu akakimbia, akawahi kumtilia Shangazi udongo.

Sisi wanawake hatwendi makaburini, basi nilibaki na rubani. Afisa alipomhoji, alijibu tu, "Uamuzi ulikuwa wangu." Huenda akanyang'anywa leseni.

Ami ananiambia, "Nyamaza, binti. Mimi damu yako, yule nani?" Nampenda Ami, nawe wajua.

Wabusu watoto, na mniombee subira. Leo asubuhi nimekwenda kwa afisa, nimemweleza maneno ya Ami, na nimetia sahihi.

Mdogo wako,
Rukia